Kona Moja Kati ya Nne

Vijana wa karakana mmenitaka niandike ninayoyajua kuhusu kushona ngozi kabla sijayasahau. Nimestaafu juzi tu, kwa hiyo bado nayakumbuka, ingawa namna mlivyoniomba ilinifanya nijitazame kwenye kioo. Nitaandika kwa mpango wangu mwenyewe. Vyeo sitavitaja. Nilipata kimoja, cha utunza stoo, na faida yake kubwa ilikuwa kutembea na ufunguo mzito.

Nilianza kazi miaka michache baada ya Uhuru, hapa hapa Kilosa. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kufanya kazi ya reli. Alipangiwa kutengeneza tuta lililosombwa na mafuriko, kisha arudi kwao. Mafuriko yakawa yanarudi kila masika, basi na yeye akabaki. Mimi nilizaliwa hapa, nikasoma hapa, na nilipomaliza shule akanipeleka kwa Mzee Lugome ili nisikae nyumbani nikihesabu kuku.

Mzee Lugome alikuwa fundi ngozi aliyejifunza kazi kwenye shamba la mkonge, akishona mikanda ya mitambo na matandiko ya punda. Alikuwa mwembamba, mkavu, na hakupenda maneno mengi isipokuwa yakiwa yake. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitika, akanipa bonge la nta na furushi la uzi. Nikapaka nta uzi mpaka jioni. Nikamuuliza kesho nitafanya nini.

“Kesho utapaka nta uzi,” akasema.

Nikapaka nta mpaka vidole vikanuka kama mzinga. Baadaye ndiyo nikapewa msharasi, ule wa kutobolea ngozi, nami nikajitoboa dole gumba vizuri sana. Mzee akaja kutazama. Alitazama ngozi kwanza, kidole baadaye.

“Damu haitoki kwenye ngozi,” akaniambia. “Kaa mbali kidogo.”

Nililia, nikanawa, nikaendelea. Sikumpenda wakati ule. Nasema hivyo ili msije mkadhani heshima niliyokuwa nayo kwake nilizaliwa nayo.

Cherehani ya ngozi tuliipata baada ya Azimio, tulipojiunga kuwa ushirika. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya kukanyaga kwa miguu, na ilipofika stesheni tuliibeba wote, hata mwenyekiti, ambaye alibeba zaidi kwa kutoa maelekezo. Tuliiweka mlangoni kwa sababu mwanga ulikuwa huko. Kwa kuwa ilikuwa mali ya wote, kila mmoja alijiona ana haki ya kukaza au kulegeza skrubu yake.

Hapa nieleze kwa ajili ya wageni wa kazi. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili, wa juu na wa chini. Uzi wa juu hupita katikati ya visahani viwili vidogo vya chuma vinavyoubana, na skrubu ndiyo huamua vibane kiasi gani. Uzi wa chini hutoka kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi kikaacho ndani ya kikombe chake chini ya sindano, nao una kibano chake. Nyuzi hizi mbili huvutana, na mahali zinapokutana panatakiwa pawe ndani ya ngozi, katikati, pasipoonekana. Ukiona vitanzi vimening'inia upande wa chini wa kazi, jua uzi wa juu umelegea. Ukiona vitanzi juu, uzi wa chini ndio uliolegea. Kwa maneno ni rahisi hivyo. Kwenye ushirika haikuwa rahisi, maana aliyeshona asubuhi alikaza, wa mchana akalegeza, na wa jioni akailaumu serikali. Mwishoni kikao kilipitisha azimio letu wenyewe, dogo: skrubu isiguswe na mtu yeyote ila Mzee Lugome. Mzee akaifunga kitambaa, na hakuna aliyethubutu kukifungua.

Jambo jingine mlijue, maana bila hilo habari hii haiendi. Karakana yetu ilikuwa kando ya njia itokayo Mabwerebwere kwenda sokoni. Wazee wakipita walichungulia ndani kuona watoto wa watu wanafanya nini. Mzee Lugome alikuwa na sheria yake: mdogo kuliko wote akae mlangoni, na mkubwa akipita asimame amwamkie. Si kuamkia umekaa, mikono kwenye kazi, kama mtu anayefukuza nzi. Asimame. Mwanamke apige goti. Mzee alisema fundi asiye na adabu hata mshono wake hauna adabu. Sote tulikubali, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa majumbani, na kwa sababu aliyesema ni yeye.

Mdogo kuliko wote wakati huo alikuwa Sefu. Alikuwa kijana mrefu, mpole, wa Mabwerebwere, aliyekuwa akiishi na mama yake. Kabla ya kuja kwetu alikata mkonge Kimamba. Baba yake pia alikata mkonge, na ncha ya jani ilimtoboa jicho moja, likapofuka. Sefu alikuwa na tabia ya kufunga macho ghafla ukimsogezea kitu usoni, hata kikombe cha chai. Cherehani aliipenda kupita kiasi. Aliifuta kila asubuhi kabla ya kufagia, na sisi tulimtania kwamba akioa itabidi mkewe akae kwenye foleni. Alikuwa akicheka, kisha anaifuta tena.

Kisha ikaja kazi ya mikoba ya risasi. Askari wa wanyamapori kule Mikumi walitaka mikoba ya ngozi ya kuvaa kiunoni, yenye mfuko wa mraba wa kuwekea risasi. Mfuko wa mraba maana yake ni kona nne, na kona ya ngozi ndiyo shule. Pale pembeni ngozi hukunjwa na kupandana, inakuwa nene maradufu ya pengine. Ni lazima upunguze unene kwa kisu kabla ya kukunja. Ni lazima sindano iwe kubwa na iwe kali. Ukifika kwenye kona unasimamisha sindano ikiwa imezama ndani ya ngozi na imeanza kupanda kidogo tu, unainua ule mguu mdogo wa chuma unaokandamiza kazi, unageuza ngozi, unashusha mguu, unaendelea. Sefu aliyafanya hayo yote, na kwa unadhifu. Nilikuwa nikikata na kupunguza kona, yeye akishona, na tukapeleka mzigo wa kwanza Mikumi tukiwa na majivuno.

Mzigo ukarudi. Aliyeuleta ni askari mmoja jina lake Mhina, mtu mnene, mwenye sauti ya taratibu. Alimwamkia Mzee Lugome, akakaa kwenye benchi, akatoa mkoba mmoja na kuingiza kidole kwenye kona. Kidole kikatokea upande wa pili.

“Nilikuwa kwenye doria,” akasema. “Risasi zilikuwa zinadondoka moja moja njiani, mimi sina habari. Nimefika kambini naulizwa zipo wapi. Mzee wangu, risasi haziulizwi kama karanga.”

“Ukafanyaje?” akauliza Mzee.

“Nikarudi kuzitafuta kwenye majani. Nyati alikuwa amesimama ananiangalia.”

“Alikusaidia?”

“Hakunisaidia.”

Hakuna aliyecheka, ingawa mimi nilitamani. Tukaifungua mikoba yote mezani. Kona zilizofumuka zote zilikuwa zimeshonwa na Sefu, kwa sababu mikoba yote ilishonwa na Sefu. Ndani ya kila kona iliyofumuka, uzi wa juu ulikuwa umelegea upande wa chini, umesuguka, umekatika.

Mwenyekiti akaitisha kikao siku hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa vikao, na hili lilimkuta tayari. Akasema ushirika umeaibika, ndugu zetu wa Mikumi wametoa nafasi ya mwisho, na uzembe una mwenyewe. Sefu alisimama akasema, “Ndugu mwenyekiti, sijui kosa langu. Mshono nauona mzuri ninapoushona.” Alisema kweli, maana vitanzi huwa chini ya kazi, na kazi ikiwa kwenye mashine huoni chini yake. Mwenyekiti akamgeukia Mzee Lugome, ambaye neno lake lilikuwa sheria katika mambo ya ufundi.

Mzee akasema, “Skrubu nimeifunga mimi. Mashine ni nzima. Mkono ndio mbovu.”

Akanyoosha mkono wa kwanza. Na wengine tukanyoosha. Sefu akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya cherehani. Alimuaga Mzee kwa heshima, akatoka. Jioni nikasikia anarudi Kimamba kwenye mkonge, gari la wiki ijayo.

Aliyekuwa mdogo baada yake ni mimi. Nikahamia mlangoni, kwenye cherehani.

Nilishona mikoba kwa woga, na ulipofika wakati wa kuikagua, kona zangu nazo zilikuwa zimelegea. Si zote. Mkoba mmoja ulikuwa na kona moja mbovu na tatu zilizobana kama ngoma. Mwingine hauna kasoro kabisa. Mwingine mbili. Nilimpelekea Mzee, nikasubiri kuambiwa mkono wangu nao ni mbovu.

Akageuza mkoba, akaugeuza tena, kisha akavuta kigoda akaja kukaa karibu yangu. Kwa mara ya kwanza nilimwona Mzee Lugome ana mashaka, na sikufurahi kama nilivyotarajia.

Akaanza upya, na huu ndio utaratibu ninaotaka muushike. Alibadili sindano, maana sindano yenye ncha butu huusukuma uzi badala ya kuupitisha. Akautoa uzi wote, akaupitisha upya kila tundu. Akafungua visahani akasafisha katikati, akatoa mavumbi ya ngozi na nta iliyoganda, vitu ambavyo hufanya visahani visifungane. Akaijaza bobini upya kwa mkono mwepesi. Akaning'iniza bobini kwa uzi wake, akatikisa. Ikashuka kidogo, ikasimama, kama inavyotakiwa. Akanipa kipande cha ngozi nishone mstari ulionyooka. Mstari ukawa safi juu na chini.

“Mkazo ukiwa mbovu, huwa mbovu mshono mzima,” akasema, akijisemea mwenyewe. “Huu unakuwa mbovu mahali pamoja. Skrubu haichagui kona.”

Akaniambia nishone mkoba, yeye atatazama kwa chini. Akainama na kichwa chake chote akakiweka karibu na magoti yangu, jambo ambalo kwa umri wake halikuwa dogo. Nikashona kona ya kwanza. Safi. Ya pili, safi. Nikawa nakaribia ya tatu, na pale nje nikasikia kikohozi. Ni bibi mmoja wa Mabwerebwere, aliyekuwa akipita kila siku kwenda kuuza majani ya kunde. Nilifanya kama tulivyofanya siku zote. Huwezi kumsimamisha mkubwa akusubiri katikati ya mstari, na huwezi kukata mstari ovyo. Unashona upesi hadi kwenye kona, kwa sababu kwenye kona utasimama hata hivyo, unainua ule mguu wa chuma, unaiacha kazi, unasimama.

“Shikamoo bibi,” nikasema, nikapiga goti.

“Marahaba mwanangu. Hamjambo humo?”

“Hatujambo bibi. Za huko utokako?”

“Za huko nzuri. Huyo aliyeingia chini ya meza ni nani?”

“Ni Mzee Lugome, bibi.”

“Anatafuta nini?”

“Kona, bibi.”

Bibi akaridhika, akaendelea na safari. Nikakaa, nikageuza ngozi, nikashusha mguu wa chuma, nikaanza kukanyaga.

“Acha,” akasema Mzee chini ya meza.

Nikaacha. Nikadhani ameumia mgongo. Kisha akasema, “Inua ule mguu tena. Usishone. Inua tu.”

Nikainua. Akatoka chini, akaweka kidole kwenye uzi wa juu karibu na visahani, akauvuta. Ukaja bila kubishana. “Shusha.” Nikashusha. Akauvuta tena, ukagoma. Cherehani ile, mkiinua mguu wa kukandamiza, visahani hufunguka vyenyewe, ili ngozi itoke bila kukata uzi. Hilo alilijua miaka yote. Ukiinua, ukageuza haraka huku mkono umeshika kazi, hakuna kinachoharibika. Lakini ukiinua ukasimama na kuiacha ngozi nzito ianguke upande wake, ngozi inavuta uzi huru kutoka juu kadiri itakavyo. Ukirudi kushona, uzi ule wa ziada unazama chini na kuwa kitanzi. Kona ile tayari imekufa, nawe unaendelea kushona ukidhani mambo ni mazuri.

Kila mkubwa aliyepita mlangoni alitugharimu kona moja. Siku za gulio wazee walipita wengi. Siku za mvua hawakupita, na mikoba ya siku za mvua ilikuwa mizima. Sefu alikuwa kijana mwenye adabu kuliko sisi wote, alisimama kwa kila mtu, hata kwa waliomzidi kidogo tu, na kila aliposimama aliiharibu kazi yake.

Mzee akakaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

“Dawa yake ni nyepesi,” akasema. “Mtu asimame kwenye mstari ulionyooka, sindano ndani, mguu chini. Au amalize kona, aongeze mshono kidogo mbele yake, ndiyo anyanyuke. Akilazimika kuinua, kidole kishike uzi karibu na visahani.”

“Ndiyo mzee.”

“Nyepesi kabisa.”

“Ndiyo mzee.”

“Nimemfukuza mtoto wa watu kwa kunitii.”

Alivua aproni, akachukua kofia yake, akaniambia, “Twende Mabwerebwere. Wewe unapajua.” Nikauliza kama tungoje kikao kwanza, maana kilichomwondoa ni kikao. Akasema, “Kikao kilinisikiliza nilipokosea. Kitanisikiliza nikipatia.” Na kweli mwenyekiti baadaye aliitisha kikao kirefu sana ili kuridhia lililokwisha kufanyika, akafurahi.

Tulimkuta Sefu uani, anafunga sanduku lake la mbao kwa kamba. Gari la Kimamba lilikuwa la kesho yake. Mama yake alikuwa akipepeta mchele, akamwona Mzee Lugome anaingia, akasimama na ungo mkononi. Sefu akaruka juu, akajifuta mikono kwenye suruali.

“Shikamoo mzee.”

Mzee hakuitikia. Mimi nilishtuka, na Sefu aliona vibaya zaidi. Alifikiri amefuatwa kwa kosa jingine. Mzee Lugome, aliyetufundisha kwamba shikamoo isiyoitikiwa ni tusi, alikaa chini kwenye mkeka bila kukaribishwa, akavua kofia.

“Kaa, Sefu. Leo nimekuja mimi.”

Sefu akakaa kwenye ukingo wa sanduku.

“Mkono wako hauna kosa. Mkono uliokosa ni huu,” akasema Mzee, akanyoosha ule alioutumia kikaoni. Akamweleza habari ya visahani, taratibu, kama anavyomweleza fundi mwenzake, na hakuacha hata kitu. Kisha akasema, “Nisamehe.”

Nilikuwa sijawahi kumsikia mzee akimwomba kijana radhi mbele ya watu, na sidhani Sefu alikuwa amewahi. Alimtazama mama yake, mama akatazama mchele. Hatukufundishwa cha kujibu. Mkubwa akikuamkia unaitika, akikutuma unakwenda, akikugombeza unanyamaza, lakini hili halikuwa kwenye mafunzo ya nyumba yoyote ninayoijua. Machozi yalinitoka mimi, ambaye sikuombwa kitu.

Mwishowe Sefu aliinama, akaanza kufungua kamba ya sanduku. Mafundo aliyafunga kwa nguvu ya mtu asiyetegemea kurudi, na yalimsumbua. Mzee akasogea akashika upande wa pili, wakayafungua pamoja.

“Kesho nije saa ngapi, mzee?” Sefu akauliza.

“Saa moja. Kiti chako ni kile kile, pale mlangoni.”

“Ndiyo, mzee.”

Mzee Lugome akavaa kofia, akasimama, akajipangusa vumbi. Alifika kwenye mlango wa ua akageuka.

“Na sikiliza. Nikiingia nikakukuta uko kwenye kona, usiniamkie. Mimi nitasimama hapo nikungoje mpaka uimalize.”